Kima wa Gede anafuata kichwa chako au macho yako?

Mwalimu mwenzangu, ukiwapeleka watoto kutoka Malindi kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede, usiishie kwenye msikiti na visima. Kima wanaoshinda juu ya zile kuta ni somo zima la sayansi, la kupima kama mnyama hutazama kule unakotazama wewe, nalo halitaki ila simu na subira.

Chakula kibaki ndani ya basi, hata ndizi moja. Kima hawa wamezoea kulishwa na wageni. Akiuona mfuko, uso wako hana haja nao. Waonye watoto pia wasimkazie macho, maana kwake huko ni kutafutwa ugomvi.

Chagua kima aliyetulia peke yake. Simama mbali kidogo, umgeuzie ubavu. Akikutazama usoni, inua kichwa na macho pamoja kuelekea kilele cha mbuyu, utulie hapo ukihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mtoto mmoja aurekodi uso wa kima, si wako.

Hapa ndipo wengi huharibu. Kima hutazama juu kwa sababu zake mwenyewe, hasa akihofia tai, kwa hiyo kuinua kichwa mara moja hakuthibitishi kitu. Fanya zamu nyingine ukitazama mbele tu, muda uleule, kisha mlinganishe. Bila hivyo mtarudi Malindi na hadithi tupu. Msimchoshe mnyama mmoja: hata sokwe akitazama unakotazama mara kadhaa asione kitu, huacha.

Sasa ule utamu wenyewe. Zamu moja inua kichwa huku umefumba macho. Zamu nyingine kichwa kitulie, macho peke yake yapande. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Michael Tomasello na wenzake walichapisha majaribio ya namna hii kwa sokwe, bonobo (jamaa wa karibu wa sokwe), gorila na watoto wachanga wa miezi 12 na 18. Wanyama walifuata zaidi kichwa, watoto wakafuata zaidi macho. Huenda weupe wa jicho la binadamu ndio unaotusaidia kuonyeshana tunakotazama. Wanafunzi wajaribu hili wao kwa wao, wataona.

Watauliza sokwe wako wapi. Mwituni Kenya hatuna. Waliopo wanatunzwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Kima ni jamaa wa mbali, kwa hiyo msimbebeshe majibu ya sokwe.

Muda ukibaki, chungulia nyuma ya ukuta uliobomoka. Sokwe huzunguka kizuizi akaone ulichokitazama. Kima naye akizunguka, andikeni papo hapo alikuwa wapi, na nani alikuwa karibu naye.