Vidonge vya damu: namna ya kuhakikisha vinamezwa

Mie ni muuguzi wa zahanati huku Newala. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi vikikwama, usianze kumlaumu mama mjamzito; anza na stoo. Hesabu makopo kila mwisho wa mwezi na uagize kabla msimu wa korosho haujashika kasi, maana watu wakishahamia mashambani hawarudi kwa ajili ya kidonge. Anayekwenda shamba mpe vya kumtosha mpaka hudhurio lijalo.

Kisha mwambie ukweli mapema. Choo kitakuwa cheusi, kichefuchefu kinaweza kuja, ameze usiku. Asiyeambiwa haya huvitupa, na jirani yake akisikia naye huvitupa. Chai ya rangi isiwe karibu na kidonge, inazuia chuma kufyonzwa. Mabibo, yaani tunda la mkorosho, kinyume chake, yana vitamini C tele inayosaidia. Nasema bibo lenyewe, siyo uraka, ile pombe yake! Mkwe akiwepo, mketishe naye asikie. Ndiye msimamizi wa kweli nyumbani.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 10 hadi 12.5 za chuma kila siku, miezi 3 mfululizo kwa mwaka, mahali ambapo upungufu wa damu umefika asilimia 40 ya watoto wa umri huo au zaidi. Penye malaria kama kwetu, kwanza hakikisha pana chandarua, kipimo na dawa. Na kopo la mama likae juu, mbali na watoto: vidonge hivyo vikiliwa vingi vinaua.