Gari la kwanza la kijana: fungu la kutenga kabla hujaongea na dalali

Unapomnunulia kijana wako gari, dalali wa magari Tanga akikuuliza "una ngapi?", mtajie robo tatu ya ulichonacho. Robo iliyobaki ina kazi zake, na nyingi zitadai kabla mwezi haujaisha. Mwenye milioni 10 atafute gari la milioni 7.5, asisogee hata laki.

Kijana awe ametimiza miaka 18. Anahitaji TIN, leseni ya kujifunzia, ada ya chuo cha udereva, kisha 70,000 ya leseni yenyewe inayodumu miaka 5. Daraja D linatosha kwa gari la nyumbani. Fedha hizi zitoke kabla ya gari kununuliwa, kwa sababu gari likitangulia leseni litaanza kutoka jioni kwenda ufukweni Raskazone, na siku ya ajali bima haitalipa.

Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, na hulipa hasara ya mtu mwingine tu. Bima kubwa, inayolipa na gari lenu, huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa milioni 7.5 ni 262,500, ukiongeza VAT inafika 309,750. Kwa dereva mgeni chukueni kubwa. Ila ulizeni kwanza mtachangia kiasi gani wenyewe ajali ikitokea, na kama kiasi hicho hupanda leseni ikiwa mpya.

Kubadilisha umiliki nako kuna gharama: wakili wa mkataba wa mauziano, ushuru wa stempu asilimia 1 (hapa 75,000), ada ya uhamisho 50,000 na kadi mpya 10,000. Linganisha namba ya chesi na ya injini na zile za kwenye kadi halisi ya gari. Usikubali kivuli cha kadi. Angalia pia faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kwa namba ya gari, maana deni hukaa kwenye namba hata mwenye gari akibadilika. Na kamisheni ya dalali, nani anailipa? Lisemwe mapema.

Herufi ya namba ya usajili isikupumbaze. Namba E hupandisha bei, lakini inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini tu. Toyota IST ya 2004 inaweza kuvaa namba E.

Sasa kutu, ambako fedha za watu wa pwani hupotelea. Gari lililobeba samaki, lililolala karibu na bahari au lililozoea njia ya Pangani linaweza kung'aa juu huku chini limeliwa. Lipandishwe kwenye shimo la fundi. Agonge kwa bisibisi chini ya milango, ndani ya matao ya matairi na pale shokapu za nyuma zinapofungwa. Bisibisi ikizama, ondokeni. Kutu ya juu juu husuguliwa na kupakwa rangi, lakini chuma kilichotoboka ni kazi ya kuchomelea, na kuchomelea hakuna mwisho. Mabomba ya breki yaliyovimba kutu yabadilishwe bila mjadala. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini nzima wiki ya kuuza ni sababu ya kugonga zaidi.

Fungua rejeta injini ikiwa ya baridi. Maji ya kahawia yanasema gari limekunywa maji ya kisima badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), na ndani kumeanza kuoza. Ukiona uji wa maziwa chini ya kifuniko cha oili, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwenda na maji yanaingia kwenye oili.

Tanga mjini ni tambarare, kwa hiyo gia mbovu hujificha. Usijaribie gari Ngamiani pekee. Lipelekeni hadi Muheza, kisha mpande kidogo njia ya Amani. Gia inayoteleza au injini inayochemsha itajitaja mlimani, na breki mtazijua wakati wa kushuka.

Siku ya kwanza baada ya kununua, fanyeni sevisi nzima hata muuzaji akiapa. IST hula oili lita 3.7, hivyo galoni ya lita 4 inatosha. Badilisheni pia chujio la oili, la hewa na plagi. Gari lenye gia ya CVT (otomatiki isiyo na ngazi za gia), kama baadhi ya Toyota Vitz, liwekewe oili ya CVT, kwani ATF, oili ya gia otomatiki ya kawaida, huiua gia. Tairi zina tarakimu nne za wiki na mwaka: 2317 ni wiki ya 23 ya 2017, na hiyo imezeeka hata kama kashata zake bado nene. Spea tairi, jeki, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwemo.

Mafuta yapangiwe kiasi cha wiki, na kiasi hicho kiangaliwe upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei. Tanga ina bei yake, msitumie ya Dar.