Kupanga likizo ya ski (kuteleza kwenye theluji) Macugnaga, Italia

Macugnaga iko Piemonte, chini ya mlima Monte Rosa, kwenye mita 1,300 na ushei. Nenda kati ya Januari 7 na mwanzo wa Februari: sikukuu za Epifania (Januari 6) zimekwisha, zile za Carnevale, sherehe za kabla ya Kwaresima, bado, hivyo foleni ni fupi na vyumba bei nafuu.

Shuka treni Domodossola, kisha panda basi. Angalia ratiba ya basi la mwisho kabla ya kununua tiketi ya ndege, maana ukilikosa utalala mjini.

Wanaoanza wakae mtaa wa Pecetto, karibu na lifti ya viti ya Belvedere. Eneo la juu la Monte Moro hufikiwa kwa gari la waya kutoka Staffa, mtaa mwingine wa Macugnaga, na hapo ndipo wengi hukwama: upepo ukivuma, gari husimamishwa. Kwa hiyo usilipie tiketi ya lifti ya siku sita kwa mkupuo. Tazama utabiri wa upepo jioni, ununue ya kesho.

Bima ya madhara kwa wengine ni ya lazima kisheria tangu 2022. Kofia ngumu nayo ni lazima, kwa watoto na watu wazima. Buti za kukodi zijaribu jioni ya kufika. Kisigino kikiinuka, omba saizi ndogo.