Jinsi ya kutengeneza katuni ya sekunde 90 ya kuonya kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu

Katuni nyingi za aina hii huanza na minyororo na chumba chenye giza. Hapo mtazamaji keshapotea, maana binti anayeitiwa kazi haoni mnyororo popote. Anamwona shangazi aliyevaa dera jipya, akimwonyesha kwenye simu picha za jumba la ghorofa. Katuni ianzie hapo, na iishie wakati bado kuna la kufanya.

Chagua ulaghai wa aina moja. Kazi za ndani za Ghuba zina mambo yake, na mtoto anayetolewa kijijini kwenda kulea watoto wa watu Dar es Salaam ana yake. Sekunde 90 hazibebi yote. Kisha pima hadithi kwa vipengele vitatu vya Itifaki ya Palermo ya 2000 (mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu), vilivyomo pia katika sheria ya Tanzania ya 2008 na ya Kenya ya 2010: kitendo (kumchukua au kumsafirisha mtu), njia (hadaa, vitisho, nguvu) na lengo (kumtumikisha). Kwa aliye chini ya miaka 18 hadaa si sharti: hata akiridhia yeye na wazazi wake, kosa liko palepale. Wala si lazima mtu avuke mpaka, jambo ambalo waandishi wa miswada ya katuni husahau mara kwa mara.

Kuna kosa moja linaloua katuni nzuri. Mtaani kila mtu anamjua jirani aliyejenga kwa pesa za Oman au Saudia. Ukichora kwamba kila anayekwenda huangamia, watakuona mwongo. Mchore huyo jirani naye, kisha onyesha tofauti: mkataba aliousoma kabla ya kusafiri, na wakala mwenye leseni. Kenya, leseni huulizwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Mswada usizidi maneno 140. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Ukijaza 200, msimulizi atakimbia na hakutabaki nafasi ya kimya.

Rekodi sauti kwanza, chora baadaye. Chumba chenye godoro na nguo nyingi kinatosha; zima feni na friji, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipasue. Midomo haina kazi kubwa kwa lugha yetu, kwani silabi nyingi huishia na irabu. Kata midomo minne tu: uliofungwa wa m, b na p, wa a, wa e na i, wa o na u.

Kwa asiye na kompyuta, karatasi za manila zinafaa sana. Kata kichwa, kiwiliwili, na mikono yenye kiungo kwenye kiwiko, funga viungo kwa uzi wenye fundo pande zote mbili, na simu ining'inie imara juu ya meza ikitazama chini. Picha 12 kwa sekunde ni 1,080 kwa filamu nzima, lakini mhusika akitulia picha moja inashikiliwa, hivyo 600 hivi huweza kutosha. Funga fokasi na kiwango cha mwanga kwenye simu. Usitegemee mwanga wa dirishani: wingu likipita, filamu nzima itapepesa. Tumia taa mbili, kila moja upande wake. Mwenye kompyuta ana programu za katuni za Blender, Krita na OpenToonz, zote za bure.

Nguvu zako zote ziweke kwenye picha moja: pasipoti. Mkono wa shangazi unaingia kwenye fremu. "Nipe nikutunzie mwanangu, usije ukaipoteza." Pasipoti inaingia mkobani. Muziki unakatika, inasikika zipu tu, kisha sekunde mbili za kimya. Usimchore shangazi na macho mekundu. Mwenye kumkabidhi binti kwa wakala mara nyingi ni mtu anayeaminika.

Ukitumia kisa cha mtu aliyenusurika, badilisha jina, kabila, mji na kazi, sauti iwe ya mwigizaji, na yeye aione kabla ya mtu mwingine. Akisema hapana, inafutwa.

Ionyeshe kwa watu 8 au 10 kabla ya kuimaliza. Usiulize kama wameipenda, watakujibu ndiyo kwa heshima. Uliza: "Huyu binti angeweza kukataa wapi?" Wakinyamaza, rudi kwenye mswada.

Mwishoni weka namba moja tu ya simu ya msaada, isomwe kwa sauti na ikae sekunde 6. Kwa habari za watoto, 116 ni bure Tanzania na Kenya. Ipige mwenyewe kwanza, kwa kila mtandao.

Toa nakala ndogo ya 480p (ubora wa picha wa chini) isiyozidi MB 12 ya kutumwa WhatsApp, na nyingine kubwa ya projekta. Kwenye banda la mpira ionyeshwe kabla ya mechi. Mapumziko watu wako nje wakinunua kahawa. Awepo mtu wa kuzungumza naye, akae kando, mbali na spika. Atakayemfuata na kusema "hii ni habari ya dada yangu" asiulizwe chochote mbele za watu.