Namna ya kuangalia The Sopranos na majirani mpaka waseme wanachowaza

Mara ya kwanza niliharibu kwa swali. Niliuliza, "Mmeionaje?" Watu wanane waliokuwa ndani ya fremu yangu hapa Chang'ombe, Dodoma, wakajibu kwa zamu kama darasa la pili: nzuri, nzuri, inafundisha. Mtu katoka kunyongwa kwa waya mbele ya macho yao, wao wananiambia inafundisha. Nikazima TV, wakaaga. Asubuhi nafungua mlango, namkuta mama wa karanga kibarazani anamsimulia mteja kisa kizima, sauti juu, mkono kiunoni. Maneno yote niliyoyataka usiku anamgawia mtu wa karanga za mia tano.

Basi haya ni kwa anayetaka kuangalia tamthilia ya majambazi na majirani zake na kuyapata yale maneno ya kibarazani. Mimi ni fundi cherehani. TV yangu ni ya inchi 32, iko juu ya kabati la vitambaa, na Jumamosi nikishafunika mashine saa 12 jioni, wanaingia. Filamu sijazisomea popote. Nina daftari la vipimo tu, na kazi yake utaiona.

Tamthilia yenyewe ni The Sopranos, ya Marekani. Kituo cha televisheni cha HBO kilianza kuirusha Januari 1999, kikaimaliza Juni 2007, jumla episodi 86. Usianze na ya kwanza. Najua wapenda mpangilio watanisema, lakini ya kwanza inatambulisha watu wengi mno, na mtu aliyeshinda juani sokoni hawezi kushika nani ni mjomba wa nani. Chukua ya tano ya msimu wa kwanza, inaitwa "College". Tony, mkubwa wa genge kule New Jersey, anampeleka binti yake Meadow kutembelea vyuo huko Maine. Njiani anamwona mtu aliyewachoma wenzake kwa serikali zamani, akapewa jina jipya na maisha mapya. Tony anamvizia, anamnyonga, kisha anarudi kumchukua binti. Nyumbani nako mke wake, Carmela, yuko peke yake anaumwa mafua, na padre anabisha hodi.

Baba anampeleka mtoto chuo. Hilo hapa halihitaji maelezo. Kila mwaka tunawaona wazazi wanashuka stendi Nzuguni na masanduku na magodoro, wanauliza magari ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma.

Kabla hujawasha, toa watoto. Tamthilia hii ina matusi, ina damu, na ina wanawake wa klabu ambao mimi kama fundi wananisikitisha, maana hawajashonewa chochote. Kisha malizana na neno mafia mapema. Mimi sikulimaliza. Jirani yangu mmoja alikuja na shemeji yake, mtu wa Kilindoni, kisiwani Mafia kabisa. Alikaa nusu ya episodi kanuna. Kumbe kasikia "mafia" mara tatu na anasubiri kujua watu wa kwao wamewakosea nini Wamarekani. Siku hizi naanza kwa kusema: hawa ni watoto na wajukuu wa Wataliano waliohamia Marekani, jina limegongana tu na kisiwa chetu, mwenye ndugu Kilindoni atulie.

Tafsiri ndiyo inayowashinda wengi. Sisi wengine tumelelewa na kanda za akina Lufufu, mtafsiri anaongea kuliko waigizaji wote, anaongeza na ya kwake. Raha sana, lakini kwa kazi hii haifai, kwa sababu watu watamcheka mtafsiri na kukubaliana na mtafsiri. Nilimpa mpwa wangu, yuko chuo, Kiingereza chake kimenyooka. Kila Tony akifungua mdomo, yeye anatuambia Tony anawaza nini. "Shangazi, hapa anajutia." Nani kakuambia anajutia? Nikampokonya kazi nikampa kijana wa bodaboda, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza kwa abiria. Akaja na sentensi fupi: "Anamuuliza baba yake kama ni jambazi." Kimya. "Baba kakataa." Kimya. "Sasa kakubali kidogo, kasema kuna hela za kamari." Nzuri. Mtafute mtu wa namna hiyo. Asichokijua, anakiacha.

Kuhusu kukaa, jambo moja tu. Mtu mwenye heshima zake msimweke mbele. Kwetu ni mwalimu mstaafu. Akikaa benchi la mbele watu wanatazama kisogo chake, wanasubiri aseme ndipo waseme "kama alivyosema Mwalimu". Mimi humpa kiti cha nyuma, kile chenye mto, namwambia hapo upepo haumfikii. Na kweli mwezi wa saba upepo wa Dodoma unapita hata kwenye tundu la ufunguo.

Sasa rimoti. Wengi husimamisha kwenye mauaji, na hapo hupati kitu zaidi ya "mama yangu!" Acha yapite. Simamisha pale Tony anaporudi kwa binti yake, mkono umeumia, viatu vina tope, na Meadow anaona. Bonyeza, halafu usiseme neno. Usiwatazame pia. Mimi huinuka kumimina chai na kujifanya natafuta sukari, ambayo iko palepale kwenye kopo la vifungo. Ukimya wa dakika mbili kwenye chumba cha watu wanane ni mzito, kuna mtu atautua tu.

Kwangu aliutua mama wa karanga. "Viatu," alisema. "Mtoto wa kike anaangalia viatu. Mimi baba yangu alikuwa akirudi, naangalia viatu najua kama leo tutakula." Hakusema inafundisha.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Andika neno kama lilivyotoka, upesi, usilinyooshe. Mimi huandika pembeni mwa vipimo vya mhusika mwenyewe, kwa hiyo ukurasa wake unasoma: kifua 42, kiuno 38, viatu, leo tutakula. Ukilisafisha neno la mtu ukampelekea wiki inayofuata, atakuambia hakusema hivyo, na atakuwa sahihi.

Usitegemee hasira itakwenda unakotaka wewe. Nilidhani usiku ule tutabishana kuhusu mauaji. Tulibishana kuhusu padre. Yule padre anakula chakula cha Carmela, anakunywa mvinyo, wanaangalia filamu pamoja, anamuungamisha pale sebuleni, anampa komunyo, na usiku unamkuta palepale kwenye kochi. Hawatendi lolote, lakini fremu yangu ilitaka kupasuka. Mama wa karanga ni Mwanglikana wa Mvumi, na kwao mchungaji ana mke. Akasema shida yote ni hiyo, kumnyima mtu mke halafu kumtuma kwa wake za watu. Dada anayenisaidia kutarizi ni Mkatoliki, akashusha sindano. Akasema padre kufika kwa mgonjwa ni wajibu, mgonjwa anapelekewa komunyo nyumbani hata hapa Dodoma, kosa ni chupa na kochi. Mwalimu kule nyuma akauliza taratibu, "Na aliyemfungulia mlango?" Mbona walimgeukia! Wanawake wote, Anglikana na Katoliki, wakawa kanisa moja.

Katikati ya vurugu ile bodaboda akauliza, "Kwa hiyo yule aliyenyongwa tumeshamzika?" Hakuna aliyekuwa anamkumbuka.

Ukiona hivyo, usiwarudishe kwa nguvu. Waache wamalize na padre, halafu toa swali la kazi yako. Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika hapa. Usiulize kama Tony ni mbaya au mzuri, maana watu wanajua jibu la kanisani na watakupa hilo. Uliza jambo linalogusa mfuko. Mimi niliuliza: "Huyu bwana akiingia hapa kesho na kitambaa chake, anataka suti, nimshonee?"

Bodaboda: "Mshonee, tena bure."

Mama wa karanga: "Mshonee, chukua hela yote kwanza, usimkopeshe wala usimkope."

Dada wa kutarizi: "Mpime ukiwa na mtu mwingine ndani."

Mwalimu akafikiri sana. Yeye tangu mwanzo alikuwa anashikilia sheria ya zamani ya kwenye kanda, kwamba stelingi hafi, na kwamba stelingi unamjua kwa sababu anaowaua ni waovu. "Huyu," akasema, "kaua mtu aliyekimbia akajificha, ana mke na binti mdogo. Sasa mimi nimeshindwa kujua stelingi ni nani. Mwambie una kazi nyingi." Nikamuuliza, akisema atasubiri? Mwalimu akavua miwani. "Basi mshonee, Fundi. Utafanyaje?"

Kama wewe ni kinyozi, uliza kama utamnyoa. Kama una duka, uliza kama utamuuzia kwa mkopo.

Habari za nyuma ya pazia zitoe mwishoni, kamwe si mwanzoni, la sivyo watu wataangalia wakitafuta ulichowaambia. Nilipowaona wamechoka ndipo nikawaeleza kwamba kitu kilekile kilichomtesa Mwalimu kiliwatesa wenye HBO. Mmoja wa wakubwa wao wakati huo, Chris Albrecht, aliogopa watazamaji wakimwona Tony ananyonga mtu kwa mikono yake, watamchukia na kuacha kuangalia. David Chase, aliyeibuni tamthilia, akashikilia kwamba mkubwa wa genge akimwona aliyewachoma na kumwacha, ndipo watu hawatamwamini tena. Mauaji yakabaki, ila wakaongeza kidogo kuonyesha kuwa yule mkimbizi naye si malaika. Mwaka huohuo wa 1999 episodi hiyo ikawapatia Chase na mwenzake James Manos tuzo ya Emmy ya uandishi. Mwalimu alipiga paja: "Kwa hiyo hata wao walibishana!" Akaondoka amenyooka kuliko alivyokuja.

Chai na karanga kila mtu ajigharimie, usijifanye tajiri.

Na siku mtakayofika episodi ya 86, nunua luku ya kutosha mchana, na usimwambie mtu. Tony yuko mgahawani na mkewe na mwanawe, wanakula vitunguu vya kukaanga, muziki unapiga, Meadow yuko nje anahangaika kuegesha gari. Mlango unafunguliwa, Tony anainua macho, na kioo kinakuwa cheusi. Hakuna sauti. Sekunde kama kumi hivi. Ilipotoka Juni 2007, Wamarekani wengi walidhani king'amuzi kimekufa.

Kwangu watu walipiga kelele "Luku!" kwa pamoja, hadi jirani wa pili akajibu kwamba kwake umeme upo. Mimi nilikuwa nimeshakamata kopo la vifungo, natafuta sukari. Bodaboda alitoka mbio na tochi ya simu kwenda kwenye mita, akarudi kasimama mlangoni, hajui amwangalie nani.

"Fundi," akasema, "unit zipo. Ziko 11."