Ukitumiwa asilimia kwa WhatsApp, uliza kwanza ni ya nini

Watu wangu, kabla hujaforwadi hiyo posti uliza: asilimia ya nini, kati ya watu wangapi?

Chukua ya Uingereza, Oktoba 1995. Serikali ilionya kwamba aina fulani za vidonge vya kupanga uzazi zinaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili, yaani kwa asilimia 100, na wanawake wengi wakaogopa wakaviacha. Sasa tazama namba zenyewe, ilikuwa kama mwanamke 1 kati ya 7,000 ikawa 2 kati ya 7,000. Mmoja zaidi. Mwaka uliofuata England na Wales mimba zilizotolewa ziliongezeka kwa kama 13,000, na ujauzito wenyewe unaleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vile vidonge! Hiyo asilimia 100 ilikuwa ya kweli kabisa, ndio maana inauma. Kwa hivyo ukiambiwa kitu kimepanda mara mbili, dai namba mbili, kilikuwa ngapi na sasa ni ngapi.

Halafu kuna hii ya kwetu Kisumu ambayo tunatukanwa nayo kila mara. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulipata watu wanaoishi na virusi vya ukimwi ni asilimia 17.5 hapa na 4.9 nchi nzima, kwa wenye miaka 15 hadi 64. Ni kubwa, sikatai. Lakini inahesabu kila anayeishi na virusi, hata mama aliyeambukizwa miaka 20 iliyopita na leo yuko soko la Kibuye anauza omena zake akiwa na nguvu kwa sababu anameza dawa. Dawa zikifanya kazi watu hawafi, wasipokufa asilimia haishuki haraka, sasa mtu anaona hiyo namba anasema hakuna kinachofanyika. Ukitaka kujua kama ugonjwa unasambaa, ulizia maambukizi mapya ya mwaka huo.

Kaunti nazo usilinganishe kwa idadi tupu. Sensa ya 2019 ilipata Nakuru ina watu 2,162,202, Kisumu 1,155,574. Tuseme kwa mfano Nakuru iwe na visa 200 vya ugonjwa fulani na Kisumu 150, kichwa cha habari kitasema Nakuru inaongoza, lakini gawanya: Nakuru ni kama 9 kwa kila watu 100,000, Kisumu ni 13.

Grafu: angalia kama mstari wa pembeni unaanza sifuri. Ukianza juu, tofauti ndogo inaonekana mlima.

Kura za maoni ndizo zinatuchanganya zaidi wakati wa siasa. Sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu kura za maoni za uchaguzi inataka anayezichapisha aseme nani alilipia na waliulizwa watu wangapi, kama hasemi achana nayo. Watu 1,000 waliochaguliwa vizuri bado wanaacha pengo la kama asilimia 3 juu au chini, kwa hivyo 48 kwa 46 usianze kusherehekea. Na wingi peke yake hausaidii, mwaka 1936 jarida moja Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2 likasema Landon atashinda urais, mpinzani wake Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Sababu moja ya kukosea ni kwamba majina mengi yalitoka kwa orodha za wenye simu na magari, yaani wenye nacho wa wakati huo.

Na kama ni ofisi ya serikali ama kaunti imetoa namba bila maelezo, waandikie. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili ama Kiingereza, na wana siku 21 za kukujibu.