Meli mpya ya kifahari ikitia nanga Kilwa: namna ninavyowapokea abiria wake

Taa zake niliziona kabla ya adhana ya alfajiri. Nilikuwa nimesimama gatini Kilwa Masoko na chupa yangu ya chai, kaskazi imetulia, na kule nje kulikuwa na kitu kinachomeremeta kama mtaa mzima unaoelea. Meli mpya. Haikuwa imemaliza hata msimu mmoja majini tangu itoke kiwandani. Jua lilipochomoza simu yangu ilikuwa imeshaita mara tisa: wenye mashua, akina mama wa mikeka, vijana wanaojifunza kuongoza wageni. Kila mmoja aliuliza hilo hilo: hawa watu tunawapokeaje?

Kazi hii ya kuongoza wageni ninaifanya mwaka wa kumi na saba sasa, na nyumba ya bibi yangu mzaa mama iko Kilwa Kisiwani kwenyewe, kwenye kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyafanya. Nimemfikiria binti ya dada yangu, ambaye msimu huu ataongoza kundi lake la kwanza, na kijana mwingine yeyote wa Kilwa, Lindi au Mtwara atakayekabidhiwa watu kumi na wawili kutoka meli ya namna hiyo.

Jua kwanza walikotoka

Niliwahi kualikwa chakula cha mchana ndani ya meli mpya ya aina hii, nikapanda na wenzangu wawili. Juu ya ngazi anasimama baharia mwenye mashine. Kila abiria anagusisha kadi yake, mashine inalia, picha yake inatokea kwenye kioo. Kwa njia hiyo meli inajua nani yumo na nani bado yuko nchi kavu. Hatua mbili mbele unanyunyiziwa dawa mikononi, kwa sababu ugonjwa wa tumbo ukiingia melini unasambaa haraka mno. Halafu baridi. Nilikuwa na mtandio mwepesi, nikatetemeka. Zulia lilikuwa bado linanukia dukani. Vyumba vina vibaraza vyao vya kutazama bahari, na juu ya kitanda kuna karatasi ya ratiba ya kesho, saa kwa saa: kifungua kinywa, mazoezi, mhadhara wa historia ya pwani ya Waswahili, kushuka, kurudi, chai, muziki.

Nilikaa meza moja na mama wa Kifaransa, umri wake yapata miaka sabini na mitano. Aliniambia kwamba mhudumu wa chumba chake ameshajua anapenda mto upi, na kahawa yake inafika kabla hajaiomba. Alisema hivyo kwa shukrani, hakuwa akijisifu. Kisha akaniwekea mkono begani akauliza, "Bibi yako amezikwa wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole kupitia dirisha, kule Kisiwani, nyuma ya mibuyu. Akakaa kimya kwa muda mrefu, macho yake hayatoki pale nilipoonyesha.

Kutoka siku hiyo niliacha kuhangaika kutafuta viti vya kitambaa na glasi za miguu mirefu. Vyote hivyo wanavyo melini, tena vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Walichokifuata kwetu ni mtu wa mahali hapa, aliye tayari kuwaambia ukweli na asiyewakimbiza.

Jambo moja la meli mpya ulijue mapema: wahudumu wake nao bado wanajifunza. Abiria anaweza kushuka na manung'uniko, lifti imekwama, maji ya moto hayakufika, chakula cha jioni kimechelewa. Msikilize, mpe pole, usichangie neno. Ukimkuta wa tatu analalamika jambo lile lile, mnong'oneze kiongozi wa safari kutoka melini pembeni. Atakushukuru.

Anza na maji

Kabla hujauliza idadi ya wageni, uliza tarehe, kisha fungua jedwali la maji. Meli hizi hutia nanga nje na kushusha watu kwa boti za mpira, zile za Zodiac, abiria kama kumi kwa safari moja. Boti zile hugusa mchanga karibu na Gereza, ile ngome kongwe ya ufukweni. Maji yakiwa yamejaa, mgeni anashuka hatua tatu tu akafika. Maji yakiwa yamekupwa, mbele yake kuna tope, mawe na magamba ya chaza.

Sote tuliozaliwa hapa tunajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba saa zake husogea kwa karibu dakika hamsini kila siku. Tatizo ni kwamba ratiba ya meli imepangwa miezi mingi kabla, na watu walio mbali. Basi kumbuka hivi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine, na kwetu bamvua hukauka asubuhi kwenye saa nne, saa tano, wakati ule ule ambao akina mama wanatoka na vijiti vyao kwenda kutafuta pweza. Siku ya bamvua shusha wageni mapema sana, jua linapotoka, wawe wameondoka ifikapo saa mbili na nusu. Au wasubirishe hadi saa nane mchana. Siku za maji mafu mambo ni mepesi: maji yanajaa asubuhi ya kawaida na hayakimbii mbali. Andika saa hizo kwenye ujumbe, mtumie wakala wa meli siku ile ile aliyokupa tarehe. Usiseme "asubuhi asubuhi". Sema: boti ya kwanza iguse mchanga saa fulani, ya mwisho iondoke saa fulani.

Mwaka wangu wa tatu sikusema. Ratiba ilikuja, nikaona ni bamvua, nikaogopa kwamba nikipinga watampa kazi mwingine. Saa nne na robo boti zilikuwa zimekwama mbali, na tukawatembeza wageni hatua kama mia mbili kwenye tope. Mzee mmoja wa miaka themanini kiatu chake kilinaswa, akaanguka, akaushika ufukwe kwa kiganja. Magamba ya chaza yalimchana toka kidole gumba mpaka kifundo. Mkewe aliketi pale pale topeni akalia. Daktari wa meli alimshona nyuzi nne, na yule mzee alinitumia salamu kwamba hana kinyongo. Ule mkono ninauona mpaka leo kila ninapolifungua jedwali.

Namna ya kumshusha mtu

Ukimpokea mgeni kwa kushikana viganja, atateleza, hasa akiwa amejipaka mafuta ya jua. Mshike kama mabaharia wanavyoshikana: mkono wako ushike juu kidogo ya kifundo cha mkono wake, naye ashike juu ya kifundo chako. Mkono mmoja ukilegea, wa pili bado umeshika. Mwambie akae ukingoni mwa boti, azungushe miguu yake nje, mngoje wimbi lipite, ndipo atue. Usimvute. Jaketi okozi asilivue mpaka afike mahali pakavu.

Akishatua mwache asimame. Mtu aliyekaa baharini siku nne, tano, akikanyaga nchi kavu anaiona nchi inayumba. Nimemwona mama akiukumbatia ukuta wa Gereza kwa mikono miwili, macho ameyafumba, anacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Dakika tano kivulini zinatosha. Hapo pia ndipo pa kuwasuuza miguu kwa ndoo ya maji baridi na kuwapa taulo, kwa sababu mchanga ndani ya kiatu utamharibia mtu matembezi yote.

Njiani

Vibali vya kuingia magofuni lipia siku moja kabla, usiwasimamishe watu ofisini na jua lao.

Gerezani nakaa dakika kumi tu. Nawaambia Wareno walifika mwaka 1505, wakaupora mji na kujenga ngome, na kwamba sehemu kubwa ya jengo wanaloliona ni la enzi ya Waomani. Yatosha. Nguvu yangu naitunza kwa Msikiti Mkuu.

Kabla ya kuingia nagawa kanga kwa walio wazi mabega. Nawaingiza upande wa kaskazini, ulio mkongwe zaidi, halafu tunapita kwenye ile sehemu kubwa ya nguzo na kuba iliyoongezwa zamani za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14. Hapo nawaomba waketi chini, kwenye mikeka yetu. Ukutani hapana. Magofu haya na ya Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mawe haya ya matumbawe na chokaa yamekula chumvi na mvua kwa karne nyingi. Mtu akikaa juu yake apigwe picha, kipande kinaondoka naye.

Wakishatulia nawasimulia habari ya Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Moroko. Alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani huyo huyo, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Ijumaa moja baada ya swala, fakiri kutoka Yemen alimzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akabadilisha, akampa. Hapa wageni wanatabasamu, na waongozaji wengi huishia hapo. Mimi namalizia: mwanawe alizichukua tena zile nguo, akamlipa fakiri watumwa kumi, na sultani naye akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tabasamu linaondoka. Wacha liondoke. Kilwa ilikuwa tajiri kwa dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kwa pembe, na kwa watu. Ukiwasimulia nusu, umewadanganya wao na umewanyima heshima wale ambao majina yao hayakuandikwa.

Usisimulie kila unachokijua. Ninachagua mambo matatu kwa siku, na moja ni sarafu. Sarafu ndogo ya shaba iliyopigwa Kilwa imepatikana Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe huko Zimbabwe, na mwaka 1944 nyingine ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kukiwa na Mwaustralia kundini, mwangalie uso ukisema hilo.

Husuni Kubwa, jumba la kale la masultani, ni mbali, na jua la saa tano halina huruma. Waulize melini mapema nani anatembea vizuri. Ninagawa kundi: wenye nguvu wanaenda na mwenzangu kuona vyumba vya jumba lile, zaidi ya mia, na birika lake la pembe nane juu ya bahari, waliochoka wanabaki na mimi chini ya mbuyu. Wanaobaki wasijione wamekosa. Ndiyo maana dafu nalitoa wakati huo, na nalifungua mbele ya macho yao, panga mara tatu, kifuniko kinaning'inia, maji hayajaguswa na mkono wa mtu. Meli nyingi huwaonya abiria wasile vyakula vya nchi kavu, na siwabishii. Lakini dafu lililofunguliwa mbele yake, na korosho zilizokaangwa Lindi, sijaona aliyekataa.

Mambo ya fedha na adabu

Abiria hawa huwa hawana hata shilingi mfukoni, kwani melini kila kitu kimeshalipwa au kinaandikwa kwenye kadi. Akina mama wetu huwa wamesuka mikeka miezi miwili, halafu mgeni anaitamani, anapapasa mifuko, anaomba radhi. Tangu 2025 kanuni zinatutaka tutaje na kupokea bei kwa shilingi, kwa hiyo nalisema hili kwa wakala wiki nzima kabla: abiria watangaziwe, wabadilishe fedha, waje na noti ndogo. Bei iandikwe kwenye kila kitu. Watoto wasiombe peremende, na mgeni asiwape.

Kisiwani watu wanaishi. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji, wasalimie wazee, na wafundishe wageni "shikamoo" wakiwa bado ufukweni. Picha ya mtu ni kwa ruhusa yake. Na choo: kikague mwenyewe asubuhi, uwe na maji, sabuni na karatasi, uwaonyeshe kabla hawajauliza, maana wazee wana haya kuuliza.

Kurudi

Hesabu watu unapotoka msikitini, unapotoka kwenye mbuyu, na ufukweni. Mpe kiongozi wa melini idadi kwa sauti, naye arudie. Boti ya mwisho ikiondoka usigeuke kwenda zako. Simama hapo mpaka uione imefika ubavuni mwa meli, maana mara mbili nimerudishiwa mtu aliyesahau miwani au fimbo.

Wenye mashua na wasaidizi nawalipa jioni hiyo hiyo, mkononi, hata kama mimi bado sijalipwa. Halafu nafungua daftari: tarehe, saa ya maji, jina la kila chombo, nani alichoka na wapi, na swali lililonishinda. Siku ya ile meli mpya mama mmoja aliniuliza kwa nini birika la Husuni lina pembe nane na si nne. Nilimwambia sijui. Kesho yake asubuhi nilivuka tena peke yangu, nikaenda kubisha hodi kwa mzee anayeyajua yale mawe kuliko sisi wote.